Uliza daftari lako kwa kubofya, ila kagua jibu kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi madaftari ya vyama vya ushirika na maduka ya pembejeo yanazidi kuhamia kwenye kompyuta, lakini ukweli wa msemo huo uko palepale. Mali inaweza kupotea hata pale daftari lipo, iwapo hakuna anayejua namna ya kuliuliza.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu unapopamba moto, mwanachama anataka kujua ameshaleta kilo ngapi. Mwenyekiti anauliza ni nani waliokopa salfa ya kupulizia ubwiri unga na hadi sasa hawajaleta hata gunia moja. Bodi nayo inataka jumla ya kila kijiji kabla ya mnada.

Majibu yote yamo ndani ya kompyuta. Lakini kama ni kijana mmoja tu anayejua kuyatoa, siku akiugua au akipata kazi mjini, chama kizima kinabaki gizani. Mbaya zaidi, kama mtu huyo si mwaminifu, hakuna wa kumkagua.

Habari njema ni kwamba zipo programu zinazomwezesha mhasibu, katibu au mwenye duka kuuliza kumbukumbu zake kwa kubofya na kujaza nafasi kwenye skrini, bila kusomea lugha ya kompyuta. Hata hivyo, urahisi huo una mitego yake, na anayeumia mtego unapofyatuka mara nyingi ni mkulima.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alipendekeza kumbukumbu zitunzwe katika majedwali ya kawaida, yanayohusishwa kwa namba zinazofanana. Mwaka 1974 watafiti wengine wawili wa kampuni hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Lugha hiyo leo inajulikana kwa herufi SQL.

Lugha hiyo ina nguvu, lakini huandikwa kwa maneno ya Kiingereza katika mpangilio maalumu, na kosa dogo la maandishi hutosha kuifanya kompyuta ikatae. Ndipo mwaka 1975 mtafiti mwingine wa IBM, Moshé Zloof, alipokuja na njia nyepesi. Mtumiaji aonyeshwe jedwali tupu kwenye skrini, kisha ajaze mfano wa kile anachokitafuta. Kompyuta yenyewe itajua namna ya kukitafuta.

Wazo hilo ndilo limo ndani ya programu ya Access ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1992. Mwaka 2005 programu ya OpenOffice.org toleo la 2.0 ilikuja na Base, ambayo leo imo pia ndani ya LibreOffice. Access inalipiwa na hutumika kwenye kompyuta zenye Windows, wakati Base hupatikana bure. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti.

Namna ya kuuliza

Turudi kwenye chama chetu cha mfano. Kumbukumbu zake zimewekwa katika majedwali matatu. La kwanza ni la Wanachama, lenye namba ya mwanachama, jina na kijiji. La pili ni la Mapokezi, lenye tarehe, namba ya mwanachama, kilo na daraja la korosho. La tatu ni la Mikopo, lenye tarehe, namba ya mwanachama na fedha za salfa aliyokopa.

Namba ya mwanachama ndiyo kamba inayoyafunga majedwali hayo. Majina hayafai kwa kazi hiyo, maana kijijini wanaweza kuwapo watu wanne wenye jina moja.

Ukifungua sehemu ya kutengeneza swali, skrini hugawanyika mara mbili. Juu unaweka majedwali unayoyataka, na mstari huchorwa kutoka namba ya mwanachama katika jedwali moja hadi namba ileile katika jedwali la pili. Chini kuna gridi yenye safu. Kila safu unaijaza kitu kimoja unachotaka kukiona: jina, kijiji, kilo.

Chini ya kila safu kuna nafasi za kuweka masharti. Ukiandika >500 chini ya kilo, utapata mapokezi yanayozidi kilo 500 tu. Kuna nafasi ya kupanga jibu kuanzia kubwa hadi dogo, kisanduku cha kuamua safu ionekane au ifichwe, na mahali pa kuchagua hesabu ya kufanya, kama kujumlisha au kuhesabu idadi.

Ukiwa umechagua jina la kijiji na jumla ya kilo, unabofya kitufe cha kuendesha swali, na jedwali la majibu linatokea. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa kalamu na kikokotoo humalizika kwa sekunde chache. Aidha, swali likishahifadhiwa, wiki ijayo unalifungua tena nalo linatoa jibu jipya kulingana na mzigo ulioingia.

Mtego wa kwanza: Mdaiwa anayetoweka

Sasa mwenyekiti anataka orodha ya waliokopa salfa pamoja na kilo walizoleta. Mhasibu anaunganisha jedwali la Mikopo na la Mapokezi, anaendesha swali, na orodha safi inatokea. Lakini wale ambao hawajaleta korosho kabisa hawamo.

Sababu ni kwamba muunganisho wa kawaida huonyesha mistari yenye mwenzake pande zote mbili tu. Aliyekopa na hajaleta kitu hana mwenzake upande wa Mapokezi, hivyo huachwa nje bila onyo lolote. Mtu ambaye mwenyekiti alikuwa akimtafuta ndiye aliyefichwa.

Dawa yake ni kubofya mara mbili ule mstari unaounganisha majedwali. Utaletewa nafasi ya kuchagua aina ya muunganisho. Chagua ule unaosema mistari yote ya Mikopo ionyeshwe, pamoja na ile ya Mapokezi inayolingana nayo. Wadaiwa wasioleta mzigo watatokea, huku nafasi yao ya kilo ikiwa tupu.

Mtego wa pili: Deni linalozaa

Mtego huu ndio mbaya kuliko yote. Mwanachama namba 17 alikopa salfa mara mbili, ya Sh60,000 na ya Sh40,000. Deni lake ni Sh100,000. Ameleta korosho mara tatu: kilo 120, kilo 200 na kilo 80, jumla kilo 400.

Mhasibu akiweka jedwali la Mikopo na la Mapokezi katika swali moja na kuomba jumla, kompyuta huunganisha kila mkopo na kila mapokezi. Mikopo miwili mara mapokezi matatu ni mistari sita. Kila mkopo umehesabiwa mara tatu na kila mzigo umehesabiwa mara mbili.

Jibu litakalotokea ni kwamba mwanachama namba 17 anadaiwa Sh300,000 na ameleta kilo 800. Kompyuta haitalalamika. Jedwali litakuwa limepangika vizuri, na likichapishwa litaonekana kama taarifa yoyote nyingine ya ofisi. Mkulima akikatwa kwa karatasi hiyo, amedhulumiwa Sh200,000, na chama kimejiandikia kilo 400 ambazo hazimo ghalani.

Dawa ni kugawa kazi. Tengeneza swali la kwanza linalojumlisha mikopo ya kila mwanachama, ulihifadhi. Tengeneza la pili linalojumlisha kilo za kila mwanachama, ulihifadhi pia. Kisha tengeneza swali la tatu linaloanza na jedwali la Wanachama na kuunganisha majibu ya yale mawili. Sasa kila mwanachama ana mstari mmoja tu kila upande, na hesabu haiwezi kuzaa. Hapa pia ukumbuke muunganisho wa kuonyesha wanachama wote, asije akatoweka asiye na mkopo au asiyeleta mzigo.

Mitego midogo

Masharti yaliyoandikwa kwenye mstari mmoja wa gridi humaanisha “na”. Yakiandikwa kwenye mistari miwili tofauti humaanisha “au”. Ukitaka korosho za daraja la pili zinazozidi kilo 500, masharti yote mawili yakae mstari mmoja. Ukishusha moja chini, utaletewa mizigo yote ya daraja la pili, mikubwa kwa midogo, pamoja na kila mzigo mkubwa wa daraja lolote.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani huanza na mwezi, hivyo 5/11 huisoma kuwa Mei 11, wakati wewe unakusudia Novemba 5. Hakikisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta yako kabla ya kuuliza mapokezi ya kipindi fulani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba jedwali la majibu si lazima liwe nakala. Katika maswali mengi mepesi, hasa yale ya jedwali moja, ukibadilisha tarakimu ndani ya jibu unakuwa umebadilisha daftari lenyewe. Mtu anayejaribu tu anaweza kuharibu kumbukumbu za msimu mzima. Hivyo, weka nakala ya akiba kwenye flashi kila jioni, na flashi hiyo isikae chumba kimoja na kompyuta.

Kagua kabla ya kulipa

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Chagua wanachama watatu: mmoja aliyeleta mzigo mara moja, mwingine aliyekopa na kuleta mara nyingi, na wa tatu aliyekopa bila kuleta kitu. Jumlisha stakabadhi zao kwa mkono, ulinganishe na jibu la kompyuta. Huyo wa pili atakuonyesha kama hesabu imezaa, na wa tatu atakuonyesha kama kuna waliotoweka.

Kisha linganisha jumla kuu. Kilo zote katika jibu lazima zilingane na jumla ya jedwali la Mapokezi likiulizwa peke yake, na pia na hati za ghala. Zikitofautiana, usilipe mtu hadi sababu ijulikane.

Kwa upande wa bodi, ni busara watu wasiopungua watatu wafundishwe kufungua maswali yaliyohifadhiwa na kuyaendesha. Hawahitaji kujua kuyatengeneza yote. Inatosha waweze kukaa mbele ya skrini, kubofya, na kuona takwimu zilezile anazoziona mhasibu.

Nawe mkulima, tunza stakabadhi zako zote hadi msimu uishe. Siku ya malipo ukiletewa karatasi ya kompyuta yenye deni usilolitambua, usikubali kuambiwa kwamba mashine haikosei. Omba uonyeshwe mkopo mmoja mmoja, tarehe kwa tarehe. Kama kumbukumbu zimewekwa vizuri, swali hilo linajibiwa papo hapo, ukiwa umesimama pale pale dirishani.