Nafaka Zinazohimili Alumini

Alumini imo karibu katika kila udongo, kwani ndiyo elementi ya tatu kwa wingi katika gamba la dunia, baada ya oksijeni na silikoni. Kwa kawaida hufungamana na madini ya udongo na haidhuru mmea. Lakini udongo ukiwa na asidi kali, yaani pH ikishuka chini ya 5, alumini huyeyuka katika maji ya udongo na kushambulia ncha za mizizi. Ndani ya saa chache tu mzizi huacha kurefuka, kisha hunenepa na kuwa butu. Hayo hayaonekani juu ya ardhi. Kinachoonekana ni mahindi yaliyodumaa, yanayonyauka upesi mvua ikikatika, na mbolea ya fosfeti isiyoleta tija.

Nafaka hazidhuriki sawasawa. Shayiri ni miongoni mwa zile dhaifu kabisa, na mpunga ni miongoni mwa zile sugu. Ngano, mtama na mahindi zimo katikati, tena aina mbili za zao moja huweza kupishana sana. Wazalishaji wa mbegu wa Brazil walilijua hilo mapema: walichagua ngano iliyosalimika katika mashamba yenye asidi miongo mingi kabla ya sababu yake kufahamika.

Ajabu ni kwamba mmea hujikinga kwa kutoa asidi. Ncha ya mzizi wa ngano stahimilivu humwaga maleti, inayotokana na asidi ya maliki, ambayo huinasa alumini nje kabla haijapenya. Jeni inayoongoza kazi hiyo, TaALMT1, ilitambuliwa mwaka 2004. Mtama na shayiri hutumia sitrati, inayotokana na asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Jeni zake zilipatikana mwaka 2007. Baadhi ya mahindi sugu yana nakala tatu za jeni ya namna hiyo badala ya moja. Mpunga una njia ya ziada: huiruhusu alumini iingie, kisha huifungia katika vihifadhio vya ndani ya seli.

Magharibi mwa Kenya, dawa iliyozoeleka ya udongo wenye asidi ni chokaa. Hiyo hupandisha pH, ila husalia zaidi katika tabaka linalolimwa. Chini yake asidi hubaki, na huko ndiko mizizi hufuata maji wakati wa kiangazi. Hapo mbegu stahimilivu ina faida isiyopatikana kwa chokaa peke yake. Hata hivyo, haiuponyi udongo: mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huendelea kuongeza asidi msimu baada ya msimu.