Kadi za grafiki: madini hutoka Masisi na Walikale, lakini Linux haizikubali zote sawasawa

Ukifungua kompyuta ya kuchezea michezo ya video, utakuta kadi ya grafiki, kile kibao kinachochora picha kwenye skrini. Ndani yake kuna vitu ambavyo mchimbaji wa Kivu Kaskazini anavijua kwa jina lingine. Kadi nyingi huwa na kapasita za tantalamu, metali inayotolewa kwenye koltani. Vipande vyake vyote vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu ambayo siku hizi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95.

Koltani ni habari ya Rubaya, wilayani Masisi, mji ulioangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mwezi Septemba mwaka huo, mkuu wa MONUSCO wakati ule, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo hilo linakadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Bati ni habari ya Bisie, wilayani Walikale, ambako kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Machi 2025 vita vilipokaribia, kisha ikarudi Aprili. Hakuna awezaye kuishika kadi moja na kusema chembe hii ilitoka Rubaya, kwa sababu madini huchanganywa viwandani. Lakini sehemu ya mzigo ni ya huku.

Kadi hizo hurudi Kivu ndani ya kompyuta za okazi. Na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho, hasa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, kwa hiyo wenye nazo wanahamia Linux, mfumo wa bure ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Michezo si kikwazo kikubwa kama zamani: tangu 2018, programu ya Proton ya kampuni ya Valve huwezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa kwenye Linux.

Kikwazo ni draiva, au piloti kama wanavyosema waliosomea Kifaransa: programu inayoiambia kadi la kufanya.

Kadi za AMD na Intel zina draiva za wazi zinazokuja pamoja na Linux yenyewe. Unawasha mashine, inafanya kazi. Kwa mtu wa Walikale anayenunua mega kidogo kidogo, hilo si jambo dogo, maana draiva ya Nvidia ni mamia ya megabaiti za kupakua. Hata kadi za AMD za mwaka 2012 bado zinahudumiwa.

Nvidia ilificha msimbo wake kwa miaka mingi. Mei 2022 ilifungua sehemu ya draiva yake, lakini kwa kadi za kizazi cha mwaka 2018 na kuendelea tu. Zile za GTX 900 na GTX 1000, ambazo ndizo zimejaa kwenye soko la okazi, zimeishia kwenye draiva za toleo la 580. Wapo watu wa kujitolea walioandika draiva huria, Nouveau, lakini kwa kadi hizo haiwezi kupandisha kasi, kwa sababu ruhusa yake imefungwa kwa sahihi ya kampuni. Ni kama pikipiki iliyokwama gia ya kwanza. Chuma ni kizima, bati halijaachia, ila kadi inakuwa mzigo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, afadhali kwenda kwa muuzaji na flashi yenye Linux, kuwasha mashine kwa flashi hiyo bila kufuta kitu, kisha kuandika lspci kwenye dirisha la amri. Jina la kadi litaonekana. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ana sababu yake.

Kuna michezo michache ambayo hata kadi bora haiisaidii. Fortnite na Valorant hukataa Linux kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu, na hapo mchezaji hana draiva ya kubadilisha.