Kanuni ya Kanada ya CT ya kichwa

Kanuni ya Kanada ya CT ya kichwa ni mwongozo unaowasaidia madaktari wa dharura kuamua kama mtu mzima aliyepata jeraha dogo la kichwa anahitaji kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Ilitungwa na kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Ian Stiell wa Ottawa, ikachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001.

Neno "dogo" lisimdanganye msomaji. Linahusu hali ya fahamu tu: majeruhi amepata alama 13 hadi 15 katika kipimo cha Glasgow, ambacho huangalia anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Alama ya juu kabisa ni 15, ya chini kabisa ni 3. Wengi wa majeruhi hao hupona bila tiba maalumu. Wachache huvuja damu ndani ya fuvu polepole hadi ubongo ukabanwa, na wasipopasuliwa mapema wanaweza kufa. Katika saa za kwanza si rahisi kuwatambua kwa macho.

Kumpiga picha kila mmoja si suluhisho. CT humpa mgonjwa mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, ni ghali, tena foleni ikirefuka anayeihitaji kweli huchelewa.

Utafiti na masharti

Watafiti walifuatilia watu wazima 3121 katika hospitali 10 za Kanada. Watu 254, yaani 8%, walikuwa na jeraha la ubongo lenye uzito. 44 tu walihitaji tiba ya upasuaji wa ubongo. Kutokana na hao zilichaguliwa dalili saba.

Tano huonyesha hatari kubwa ya kuhitaji upasuaji: alama ya Glasgow kutofika 15 saa mbili baada ya kuumia, dalili za fuvu kupasuka au kubonyea, dalili za kupasuka kitako cha fuvu, kama vile weusi kuzunguka macho yote mawili au majimaji ya ubongo kutoka puani au sikioni, kutapika mara mbili au zaidi, na umri wa miaka 65 au zaidi. Umri umo kwa sababu ubongo husinyaa kadiri mtu anavyozeeka, na vena zinazouunganisha na utando wake hunyooka na kukatika kwa urahisi. Ndiyo maana mzee aliyeteleza bafuni asichukuliwe kijuujuu.

Mbili zilizobaki ni za hatari ya wastani: kusahau mambo ya nusu saa au zaidi kabla ya ajali, na ajali yenyewe kuwa ya hatari, kama mtembea kwa miguu kugongwa na gari, abiria kurushwa nje ya gari, au mtu kuanguka kutoka futi 3 au vipandio 5 vya ngazi. Mwenye dalili hata moja kati ya saba hufikiriwa kupimwa.

Mipaka

Kanuni hii inamhusu mtu aliyezirai, aliyesahau tukio au aliyechanganyikiwa baada ya kugongwa. Haiwahusu walio chini ya miaka 16, wajawazito, waliopata degedege baada ya kuumia, wala wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Kosa baya ni kuitumia kumrudisha nyumbani mtu wa kundi la mwisho, kwani damu yake haikomi upesi. Watoto wana kanuni yao, iliyotolewa Marekani mwaka 2009 baada ya kuchunguza watoto zaidi ya 42,000.

Mwaka 2005 kanuni hii ililinganishwa na ile ya New Orleans. Zote mbili ziliwagundua wote waliohitaji upasuaji, lakini ya Kanada iliwaepusha wengi zaidi na picha zisizo za lazima.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila picha huhitaji mtu wa kumwangalia. Arudishwe hospitali mara moja kichwa kikizidi kuuma, akianza kutapika tena, akisinzia hata kuamka kukawa shida, akipata degedege au upande mmoja wa mwili ukilegea.