Kifumbu Hakinasi Vimwani

Pipa la maji ya mvua likisahauliwa uwani hapa Tononoka, Mombasa, wiki mbili za jua kali zatosha kuyageuza maji yakawa ya kijani. Nilichota glasi moja ya maji hayo nikayapitisha kwenye kifumbu, kilekile cha kukamulia tui la nazi. Nikarudia kwa kipande cha leso kilichokunjwa mara mbili. Yalipita vilevile, kijani yake haikupungua hata chembe. Kilichoyatia rangi ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho, nitauita vimwani. Kimoja kina upana wa mikroni chache tu, ilhali unywele wa kichwa ni mikroni 70 hivi.

Ndani ya vimwani mna mafuta. Aina nyingine zikinyimwa naitrojeni hujilimbikizia akiba inayofika robo ya uzito wao mkavu au zaidi, na akiba hiyo hugeuzwa dizeli. Havidai shamba la mahindi, hukua upesi, huvuta hewa ya kaboni. Kwa tumaini hilo Marekani ilianzisha programu ya utafiti mwaka 1978, ikaifunga 1996. Kampuni ya ExxonMobil iliingia mwaka 2009, nayo ikaja kujitoa baada ya zaidi ya miaka 10. Mwamba mmoja uliozipasua jahazi hizo ni mavuno.

Tupige hesabu. Bwawa la wazi, lenye kina cha sentimita 30 hivi, aghalabu lina nusu gramu ya vimwani vikavu katika kila lita. Kilo moja basi imo ndani ya lita 2,000, yaani mitungi 100 ile ya lita 20 inayosukumwa kwa mikokoteni mitaani kwetu. Robo ya kilo hiyo ikiwa mafuta, lita moja ya mafuta yadai mitungi 360 hivi. Maji mengi huweza kurudishwa bwawani, lakini yote sharti kwanza yapite mkononi mwa mvunaji: yasukumwe kwa pampu, yazungushwe kwa mashine inayokula umeme, au yatiwe shabu ili vimwani vishikamane vizame. Shabu hiyo hubaki kwenye tope, na tope lazima litupwe mahali.

Hata likitoka mashinani, lile tope zito bado ni maji sehemu nne kati ya tano. Kulikausha kwa moto mpaka upate kilo moja kavu kunakula megajuli 10 hivi za nishati. Mafuta yaliyomo yana megajuli 9. Moto umeyala mafuta kabla hayajafika kwenye tangi! Jua la Mombasa halilipiwi, ila linataka uwanja mpana, na wakati wa masika halitegemeki.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walilinganisha vimwani na mazao ya shambani, wakakuta vimwani vinatumia maji na nishati zaidi, sababu kubwa ikiwa mbolea. Walionyesha pia njia ya kutokea: kuvilisha majitaka.

Hapa ndipo jambo hili linaponigusa. Kisiwa chetu kinaletewa maji kutoka mbali, Mzima na Baricho, na bado mifereji hukauka. Kuchimba bwawa la vimwani kwa maji matamu hapa ni kuwadhulumu watu. Majitaka, kwa upande mwingine, tunayo tele. Mengi huishia hori ya Tudor bila kusafishwa, na mikoko ya Mikindani, ambayo wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wameichunguza, imebebeshwa uchafu wa mtaa mzima. Naitrojeni na fosforasi zilizomo ndicho chakula cha vimwani.

Lakini kuvilisha hakutoshi. Vikiachwa vife majini, huoza, huimaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Kinachoondoa uchafu ni kule kuvuna kwenyewe. Kwa hiyo ningependa tuanze kwa kusafisha maji, na mafuta yahesabiwe kama ziada.

Tena vivunwe mabwawani tu. Vimwani vya horini vina wenyewe: chaza, kamba, na vitoto vya samaki. Heroe wa Ziwa Bogoria, wale ndege wekundu, nao huishi kwa mwani wa namna hiyo.

Pwani tumeshaletewa hadithi ya mafuta ya mimea. Huko Dakatcha, Malindi, msitu ulikuwa ufyekwe upandwe mbono kaburi, wenyeji wakapinga, na mwaka 2012 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikaukataa mpango. Siku mwekezaji atakapobisha hodi Mombasa na mradi wa vimwani, asiulizwe kwanza atatoa lita ngapi. Muulizeni maji ya bwawa atayatoa wapi, atavuna kwa njia gani, na yanayobaki atayamwaga wapi.