Tuzo za mashabiki: Kila kura lazima iwe na mwenyewe

MASHABIKI wa muziki wanapoamua kuandaa tuzo zao mtandaoni, kazi ngumu si kuhesabu kura, bali kuhakikisha kila kura ina mwenyewe.

Kwanza hutangazwa vipengele na kipindi ambacho nyimbo zinazoshindanishwa zilitoka. Wanachama hupendekeza majina, na yale yanayotajwa zaidi huingia katika kinyang'anyiro. Kura moja kwa kila mwanachama, aliyejiunga kabla ya shindano kutangazwa, humzuia msanii kuleta wapambe wa siku moja.

Funzo lipo katika shindano la Eurovision la Ulaya. Mwaka 1997 nchi tano zilijaribu kura za simu, kisha utaratibu huo ukaenea. Lawama kwamba nchi jirani zinapigiana kura zilipozidi, majaji walirejeshwa katika fainali ya mwaka 2009, wakigawana uamuzi nusu kwa nusu na watazamaji. Mwaka 2025 mtazamaji aliweza kupiga hadi kura 20. Baada ya malalamiko, waandaaji walizipunguza hadi 10 kwa shindano la mwaka 2026.

Kwa waandaaji wadogo, masharti yatangazwe mapema na hesabu yote ya kura iwekwe hadharani. Bila hivyo, mshindi hukabidhiwa tuzo pamoja na minong'ono.