Dawa Mtoni Haizoleki kwa Reki

Ndugu mkulima, ukienda Eldoret kuuza mahindi, simama kidogo darajani uutazame mto Sosiani. Mara kwa mara vijana wa mji huingia humo na reki na magunia, wakazoa takataka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti, 2017, lakini chupa na uchafu mwingine hutupwa hata sasa.

Vijana hao waweza kuzoa chupa. Hawawezi kuzoa dawa ya kupe wala ya mahindi. Ikimwagwa katika kijito cha shambani kwako, huteremka Sosiani, kisha Kipkaren, kisha Nzoia, mpaka Ziwa Victoria. Njiani watu na ng'ombe huyanywa maji hayo.

Basi usioshe bomba la dawa mtoni. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na kila mara maji hayo yatie ndani ya bomba unyunyizie shamba. Kisha itoboe, asije mtu akatilia maziwa. Tena usilime mpaka ukingoni, acha nyasi. Hapo utakuwa umewasaidia vijana wetu.