Broglio, Mwitaliano aliyerusha setilaiti kutoka bahari ya Ngomeni

ASIMAMAYE ufuoni Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, huona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Mgeni hudhani ni visima vya mafuta. Kumbe ndipo Profesa Luigi Broglio, mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, alipofanyia kazi iliyompa jina duniani.

Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, karibu na Venice, na akafundisha uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishawishi serikali yake na shirika la anga la Marekani, NASA, kuukubali mradi wa San Marco. Marekani ilitoa roketi aina ya Scout. Waitaliano waliunda setilaiti na kuzirusha wenyewe.

Kwa nini Ngomeni? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi hiyo hufikia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekezwa mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa imekwisha kusukumwa, hivyo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa mafuta yale yale. Ngomeni iko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi. Chombo kikiharibika, vipande haviangukii nyumba za watu.

Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitaliano kutoka Virginia, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili iliondoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967. Ilibeba kipimo alichokibuni Broglio mwenyewe: gamba jepesi la nje lililoshikizwa kwenye kiini kizito kwa mikono inayonepa. Hewa nyembamba ya juu ikilisukuma gamba, mikono hupinda kidogo, na kupinda huko hupimwa. Hewa hiyo ndiyo inayopunguza mwendo wa setilaiti hadi zikaanguka, na asiyejua uzito wake hawezi kukadiria chombo chake kitadumu angani muda gani.

Sifa kubwa zaidi ilikuja tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Siku hiyo ilirushwa setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Iliacha orodha ya vyanzo 339, na hata leo vingi hutajwa kwa alama ya 4U, ambayo herufi yake ni ya neno hilo la Kiswahili. Kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwasaidia wanasayansi kusadiki kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Broglio alikuwa amefariki Januari 2001.

Kwa jumla setilaiti tisa zilifika angani kutoka Ngomeni, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Tangu hapo majukwaa yamekaa kimya, ingawa kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio, kiliendelea kufuatilia setilaiti. Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017. Ajabu ni kwamba setilaiti yake Taifa-1 ilipokuwa tayari, tarehe 15 Aprili 2023, ilibidi ikarushwe California.